Namna ya Kuzima Virusi vya Michirizi ya Kahawia ya Muhogo kwa RNA ya Nyuzi Mbili

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa uzamili au mtaalamu wa maabara aliyeko Dar es Salaam, mwenye mashine ya PCR (ya kunakili DNA mara nyingi), friza inayofanya kazi na kitalu nyumba kilichofungwa kwa wavu mzuri, anayetaka kujua kama kipande fulani cha RNA kinaweza kuzuia kirusi kisizaliane ndani ya mmea. Haumfundishi mtu kutengeneza dawa ya kuuza kwa wakulima, na sababu zake zitaonekana mbele. Lengo ni kumfikisha msomaji mahali ambapo anaweza kusema, kwa takwimu zinazostahimili maswali, kwamba kipande alichokichagua kimefanya kazi au hakikufanya.

Nimechagua michirizi ya kahawia ya muhogo kwa sababu ndiyo kazi iliyo karibu nasi kuliko zote. Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza na H. H. Storey mwaka 1936 kutokana na kazi iliyofanyika Amani, kwenye milima ya Usambara, na ukanda wote wa pwani kuanzia Tanga hadi Mtwara umeishi nao tangu wakati huo. Ubaya wake ni kwamba shamba linaweza kuonekana la kijani na la kuridhisha hadi siku ya kuvuna, kisha muhogo ukikatwa unaonyesha madoa makavu ya kahawia ndani ya nyama yake, magumu, yasiyolainika hata ukichemshwa. Hapo mchuuzi wa Buguruni au Tandale hukata sehemu mbaya na kuitupa, au huutupa wote.

Ugonjwa huu usichanganywe na batobato, ugonjwa mwingine wa muhogo. Batobato husababishwa na virusi vyenye jenomu (yaani jumla ya jeni zote) ya DNA vinavyozaliana ndani ya kiini cha seli, na mbinu zinazofuata haziwezi kuhamishiwa huko bila marekebisho makubwa. Michirizi ya kahawia husababishwa na virusi viwili vya familia ya Potyviridae, CBSV na UCBSV, ambavyo jenomu yake ni uzi mmoja wa RNA wenye nyukleotidi zipatazo 9,000. Vyote viwili huenezwa na nzi weupe, na zaidi ya hapo huenezwa na sisi wenyewe tunapogawana pingili zenye ugonjwa.

Kinachotokea ndani ya seli

Kirusi cha RNA hakiwezi kujinakili bila kupita katika hatua ambayo nakala yake mpya imelala juu ya uzi wa zamani, yaani RNA ya nyuzi mbili. Seli ya mmea huitambua hali hiyo kuwa si ya kawaida. Vimeng'enya vya kundi la Daisa huikata RNA hiyo katika vipande vifupi vya nyukleotidi 21, 22 au 24. Kipande kimoja kinachukuliwa na protini iitwayo Agonauti, ambayo hukitumia kutafuta RNA yoyote inayolingana nacho, kisha huikata. Ni kazi inayofanana na ya mlinzi wa geti aliyeachiwa namba ya gari: akiwa na namba sahihi gari halipiti, lakini tarakimu mbili zikikosewa gari linaingia mbele ya macho yake.

Andrew Fire na Craig Mello waliuonyesha utaratibu huu kwa minyoo mwaka 1998, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2006. Kwa mimea, dalili zake zilikuwa zimeonekana mapema zaidi, kwenye maua ya petunia yaliyopoteza rangi mwaka 1990 baada ya kuongezewa jeni ya rangi hiyo hiyo. Mapapai ya Hawaii yaliyoanza kulimwa mwaka 1998, yakiwa na kipande cha jeni ya kirusi cha madoa ya pete, yanajilinda kwa njia hii ingawa walioyatengeneza hawakuwa wameanza na nadharia hiyo.

Mmea una nyongeza ambayo binadamu hana. Kimeng'enya kiitwacho RDR6 huweza kuichukua RNA iliyokatwa na kuitengenezea uzi wa pili, ili Daisa ipate cha kukata tena. Kwa hiyo kiasi kidogo cha RNA kinaweza kukuzwa, na ishara yake husafiri kupitia mishipa ya mmea hadi kwenye majani machanga ambayo hayakuguswa. Hii ndiyo sababu majaribio ya aina hii yanawezekana kwa dozi za mikrogramu.

Hata hivyo, virusi navyo havikukaa kimya. Karibu kila kirusi cha mmea hubeba protini ya kuvuruga ulinzi huu, na kwa CBSV na UCBSV kazi hiyo hufanywa na protini iitwayo P1. Maana yake kwa mtu wa maabara ni ya moja kwa moja: RNA yako lazima itangulie, au angalau iingie pamoja na kirusi. Ukiipaka kwenye mmea ambao umekwisha kuugua kwa wiki mbili, P1 imejaa ndani ya seli, na ulinzi unaojaribu kuuamsha umefungwa mikono. Wengi wanaokuja na swali la "dawa ya kutibu" muhogo kwa RNA hawajalizingatia jambo hili.

Neno moja kwa wale wanaofikiria virusi vya binadamu. Seli za mamalia zikikutana na RNA ya nyuzi mbili yenye urefu unaozidi nyukleotidi 30 huwasha kengele ya interferoni na kusimamisha shughuli nyingi bila kuchagua. Ndiyo maana tangu mwaka 2001 kazi za upande huo hutumia vipande vifupi vya nyukleotidi 21 vilivyotengenezwa tayari. Maelekezo ya hapa hayafai huko.

Anza na kirusi kilichopo shambani

Kosa la gharama kubwa zaidi katika kazi hii hufanyika kabla ya kushika pipeti: mtu hupakua mfuatano wa jeni kutoka kwenye hifadhidata, uliosomwa nchi nyingine miaka mingi iliyopita, na kuujengea kila kitu. CBSV na UCBSV hufanana kwa takriban asilimia 70 tu za jenomu zao, na hata ndani ya kila kimoja kuna tofauti kati ya eneo na eneo. Nchini Uganda, mimea ya mihogo iliyowekewa RNA ya kuzima UCBSV ilisimama imara shambani dhidi ya UCBSV, lakini ile iliyoonyesha dalili ilikutwa na CBSV. Fundisho hilo lilibadilisha muundo wa kazi zilizofuata, ambazo ziliunganisha jeni za ganda za virusi vyote viwili. Kwetu pwani, ambako CBSV ni cha kawaida na ni kikali kuliko mwenzake, hakuna sababu ya kulirudia somo ambalo wengine wamekwisha kulilipia.

Kusanya sampuli kutoka Mkuranga, Kisarawe, Kibaha, Bagamoyo na Kigamboni, kutoka mashamba yaliyo mbali mbali. Chukua majani yaliyokomaa ya chini, yenye manjano inayofuata mishipa ya jani, wala si majani ya kileleni, kwa kuwa virusi hivi havisambai kwa usawa katika mmea na kilele mara nyingi hutoa jibu la uongo. Hapa pia batobato hutofautiana, kwani yenyewe huonekana vizuri kwenye majani machanga. Weka kila jani kwenye bahasha ya karatasi ndani ya mfuko wenye silika jeli. Katika joto la Dar es Salaam jani lililofungwa kwenye plastiki tupu huwa limeoza kabla hujafika maabara ya Mikocheni.

Jani la muhogo lina sukari nzito na fenoli nyingi, na vifaa vya kawaida vya kutoa RNA huziba kwa urahisi. Njia ya CTAB bado ndiyo inayoaminika: bafa (mmumunyo wa kutunza pH) yenye asilimia 2 ya CTAB, kemikali ya jamii ya sabuni, na merkaptoethanoli kidogo, joto la nyuzi 65, kisha klorofomu na pombe ya isoamili kwa uwiano wa 24 kwa 1, na mwisho kuigandisha RNA, yaani kuifanya ijitenge na maji kama mashapo, kwa kloridi ya lithiamu. Kazi ya klorofomu na merkaptoethanoli ifanyike ndani ya kabati la kuvuta hewa, si kwenye meza iliyo karibu na dirisha. Geuza RNA kuwa DNA, kuza jeni ya protini ya ganda kwa praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia unakili) zinazofahamika, na upeleke zao hilo likasomwe mfuatano wake. Kama maabara itakayosoma iko nje ya nchi, anza vibali mapema, kwa sababu karatasi za kusafirisha DNA huchukua wiki.

Kuchagua kipande

Jenomu ya virusi hivi husomwa kama protini moja ndefu inayokatwakatwa baadaye, na jenomu yenyewe ni uzi mmoja. Kwa hiyo, kinadharia, ukiukata popote umeuharibu wote. Kwa vitendo sehemu hazilingani. Jeni ya protini ya ganda, yenye nyukleotidi zipatazo 1,100, imependelewa na watafiti wengi kwa kuwa ina maeneo yasiyobadilika sana na mifuatano yake mingi imekwisha kusomwa, hivyo ni rahisi kulinganisha. Ningemshauri anayeanza abaki hapo.

Panga mifuatano ya sampuli zako zote pamoja na ile ya hifadhidata kutoka Tanzania, kisha utafute eneo la nyukleotidi 250 hadi 300 ambalo lina vipande vingi vya nyukleotidi 21 mfululizo vinavyolingana kikamilifu katika sampuli zote za CBSV. Fanya hivyo hivyo kwa UCBSV. Unganisha maeneo hayo mawili kuwa kipande kimoja cha nyukleotidi 500 hadi 600, ama kwa PCR ya kuunganisha, ama kwa kukiagiza kikiwa tayari. Usitegemee asilimia ya jumla ya ufanano, maana kipande chenye ufanano wa asilimia 90 ambacho tofauti zake zimetawanyika kila baada ya herufi kumi ni kibaya kuliko chenye asilimia 80 ambacho tofauti zake zimejikusanya upande mmoja.

Baada ya hapo, tafuta upande wa pili wa shilingi. Kila nyukleotidi 21 mfululizo za kipande chako zilinganishwe na jenomu ya muhogo, ya mmea wa majaribio, ya nyuki na ya binadamu. Palipo na ulingano kamili, hamisha mpaka wa kipande. Ukishawishika kutumia jeni nyingine ya kirusi, uwe mwangalifu na ile inayoitwa HAM1, kwa kuwa ni jeni isiyo ya kawaida kwa familia hii ya virusi, na muhogo wenyewe una jeni ya ukoo huo huo.

Tengeneza pia kipande cha kulinganishia chenye urefu ule ule, kutoka jeni ya GFP, ile protini ya kijani ya samaki-jeli, ambayo haina uhusiano wowote na kirusi wala mmea. Bila kipande hiki hutaweza kumjibu anayesema kwamba RNA yoyote ya nyuzi mbili huamsha kinga ya jumla ya mmea, na kusema kweli hoja hiyo ina msingi.

Kutengeneza RNA

Kwa majaribio ya awali, njia ya tyubu inatosha. Tengeneza praima ambazo kila moja, upande wa kulia na wa kushoto, imetanguliwa na promota ya T7 (mfuatano ambapo kimeng'enya cha T7 huanza kutengeneza RNA), yaani TAATACGACTCACTATAGGG. Kuza kipande kwa PCR, kihakikishe kwenye jeli kwamba ni mstari mmoja safi, kisha kitumie kama kiolezo cha kimeng'enya cha T7 kwenye joto la nyuzi 37 kwa saa nne au usiku kucha. Nyuzi zote mbili za RNA zitatengenezwa kwa wakati mmoja. Ondoa DNA kwa kimeng'enya chake, pasha mchanganyiko hadi nyuzi 75 kwa dakika tano, na uuache upoe taratibu wenyewe hadi joto la chumba ili nyuzi zikutane na kushikana. Ukitaka kuondoa nyuzi zilizobaki pweke, tumia RNase A kwenye chumvi nyingi, kwa kuwa katika hali hiyo kimeng'enya hicho hukata uzi mmoja na kuuacha mkunjo wa nyuzi mbili. Kisha safisha kwa fenoli na klorofomu, na uigandishe kwa etanoli.

Kwenye jeli ya agarozi ya asilimia 1.5, RNA ya jozi 500 hukaa karibu na alama ya DNA ya 500, ikichelewa kidogo. Ukiona ukungu unaoshuka chini badala ya mstari, imekatika, na hakuna haja ya kuendelea nayo. Unapopima kwa mwanga wa nanometa 260, kumbuka kwamba kipimo cha 1 kwa RNA ya nyuzi mbili ni takriban mikrogramu 46 kwa mililita, si 40 kama ya uzi mmoja. Mashine nyingi zimewekwa kwenye 40 na haziulizi.

Hapa hali ya hewa yetu inaingia. Jasho la mkono lina vimeng'enya vinavyokula RNA, na katika chumba ambacho kiyoyozi kimezimika mkono hutoka jasho hadi kwenye kifundo, juu ya ukingo wa glavu. Badilisha glavu mara nyingi kuliko unavyodhani inahitajika, na uvae zenye mkono mrefu. Kwa sababu umeme hukatika, usihifadhi akiba yako yote ikiwa imeyeyushwa kwenye maji. Igawe, na sehemu kubwa ibaki kama mgando ndani ya etanoli kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, kwa kuwa katika hali hiyo hustahimili kukatika kwa umeme kwa saa nyingi bila madhara.

Mchanganyiko mmoja wa mikrolita 20 hutoa makumi ya mikrogramu, na huo unatosha majani machache tu. Ukihitaji miligramu, bei ya vifaa vya tyubu haitavumilika, na utalazimika kutumia bakteria. Aina ya E. coli iitwayo HT115(DE3) haina kimeng'enya cha RNase III ambacho kwa kawaida hukata RNA ya nyuzi mbili, na plazmidi (duara dogo la DNA linaloingizwa ndani ya bakteria) ya L4440 ina promota za T7 pande zote mbili za mahali pa kupachika kipande. Otesha kwenye ampisilini ya mikrogramu 100 kwa mililita kwa ajili ya plazmidi na tetrasaiklini ya mikrogramu 12.5 kwa ajili ya bakteria wenyewe. Wakifikia ukungu wa 0.5 kwenye nanometa 600, ongeza IPTG, kemikali ya kuwasha utengenezaji wa RNA, na uwaache saa nne kwenye nyuzi 37. Njia hii ya kutumia bakteria kulinda mimea dhidi ya virusi ilionyeshwa na watafiti wa Hispania mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakitumia mchujo usiosafishwa sana, na ndiyo ninayoiona kuwa na maana kwa maabara zetu zenye bajeti ndogo. Bakteria hawa wamebadilishwa kijenetiki, kwa hiyo wauawe wote kabla chochote hakijatoka nje ya maabara, na uhakikishe kwa kupaka kidogo kwenye sahani ya chakula chao kwamba hakuna aliyebaki hai.

Jaribio kwenye mmea

Usianze na muhogo. Anza na Nicotiana benthamiana, tumbaku ndogo ya maabara, ambayo hukua haraka, jani lake ni laini, na virusi vyote viwili huingia kwa kusuguliwa na utomvu. Mbegu zake zikitoka nje ya nchi zinahitaji kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Mimea iwe na majani manne hadi sita, ya umri mmoja, na iliyopandwa siku moja.

Gawa mimea katika makundi matano: isiyoguswa, iliyosuguliwa kwa bafa peke yake, yenye kirusi na maji, yenye kirusi na RNA ya GFP, na yenye kirusi na RNA yako. Kila kundi liwe na mimea isiyopungua 12, na jaribio lote lirudiwe mara tatu kwa siku tofauti. Anayepaka na anayesoma dalili wasiwe mtu mmoja, au kama ni mmoja, vyungu vipewe namba na mtu mwingine ambaye hatafichua orodha hadi mwisho.

Saga jani lenye ugonjwa kwenye bafa ya fosfati ya milimola 10 yenye pH 7, nyunyizia unga wa kaborandamu juu ya majani mawili ya mmea, na usugue kwa kidole chenye glavu kwa wepesi kiasi cha kuchubua ngozi ya jani bila kulitoboa. RNA iwekwe kwa kuchanganywa na utomvu huo papo kabla ya kusugua, au isuguliwe siku moja kabla. Anza na mikrogramu 10 kwa jani, kisha jaribu nusu yake na mara mbili yake. Baada ya dakika kadhaa, suuza majani kwa maji.

Joto la kitalu nyumba ndilo linaloharibu majaribio mengi ya pwani. Uzimaji wa jeni kwa RNA hutegemea joto: kwenye nyuzi 15 hudhoofika sana, na joto likipanda hupata nguvu. Kitalu nyumba cha Dar es Salaam mwezi wa Januari, mchana, hupita nyuzi 35 kwa urahisi, na hapo mimea inaweza kupunguza virusi yenyewe bila msaada wako, hata kundi la maji likaonekana limepona. Mtafiti asiye na kumbukumbu ya joto atasifu RNA yake kwa kazi iliyofanywa na jua. Weka kinasa joto ndani, jitahidi ubaki kati ya nyuzi 22 na 26, na kama kiyoyozi hakipo, fanya jaribio kati ya Juni na Agosti, ndani ya chumba chenye taa, badala ya kupigana na msimu.

Kupima bila kujidanganya

Angalia dalili siku ya 7, ya 14 na ya 21. CBSV huikunja tumbaku majani na mmea unaweza kufa. UCBSV ni kipole zaidi, kwa hiyo macho peke yake hayatoshi. Chukua sampuli kutoka majani ya juu ambayo hayakusuguliwa, kwa sababu swali ni kama kirusi kimesafiri na kuzaliana, wala si kama kimebaki pale ulipokiweka.

Sehemu inayohitaji uangalifu kuliko zote ni mahali pa praima za kipimo. Kama praima zako za RT-qPCR (PCR inayopima kiasi cha RNA) ziko ndani ya kipande ulichokipaka, mashine itahesabu RNA yako mwenyewe pamoja na kirusi, na utakuta, kwa mshangao, kwamba mimea iliyolindwa ina "virusi" vingi kuliko isiyolindwa. Pima eneo lililo mbali, kwa mfano jeni ya kimeng'enya cha kunakili au eneo la jeni ya ganda lililo nje kabisa ya kipande, na ujaribu praima hizo kwanza juu ya RNA yako tupu: zisitoe chochote. Linganisha na jeni tulivu ya mmea, kama vile PP2A, na ukumbuke kwamba tofauti ya mizunguko 3.3 ni sawa na mara kumi ya kiasi cha kirusi. Tofauti ya mzunguko mmoja kati ya kundi lako na kundi la GFP si ushindi. Inaweza kutoka kwenye mkono wa aliyepima.

Ukipata tofauti kubwa inayojirudia, thibitisha utaratibu wenyewe kwa kutafuta RNA fupi za nyukleotidi 21 na 22 za kipande chako, ama kwa noza-bloti (njia ya kuitambua RNA kwenye utando), ama kwa kusoma RNA ndogo zote. Zikiwepo kwenye majani ya juu ambayo kirusi hakikufika, una ushahidi mzuri. Zikikosekana kabisa, ulinzi umetoka mahali pengine.

Kurudi kwenye muhogo

Kipande kilichofaulu kwenye tumbaku kijaribiwe kwenye miche ya muhogo iliyokuzwa kwa tishu na kuhakikishwa kuwa haina virusi, kwa aina inayougua waziwazi kama Albert, na pembeni yake aina inayovumilia kama Kiroba. Kusugua utomvu kwenye muhogo hakuaminiki. Pandikiza kijicho kutoka mmea wenye ugonjwa. Jani la muhogo limefunikwa na nta, na RNA iliyonyunyiziwa juu yake bila kitu cha kuisaidia kupenya hubaki nje na kuoshwa na mvua ya kwanza. Watafiti wa Queensland, Australia, walionyesha mwaka 2017 kwamba RNA iliyobebwa na chembe ndogo za udongo wa tabaka inaweza kulinda tumbaku kwa siku 20 au zaidi baada ya kunyunyiziwa mara moja. Siku 20 ni habari njema kwa mche ulio ndani ya kitalu, lakini ni chache kwa zao linalokaa shambani miezi 9 hadi 12 likizungukwa na nzi weupe. Kwa maoni yangu, kunyunyizia RNA kwenye shamba la muhogo si njia ya kuipa kipaumbele. Faida yake ya kweli ni kuchuja vipande haraka na, labda, kulinda mimea mama ya kuzalisha pingili safi ndani ya wavu.

Njia ya kudumu ni kuiweka RNA ndani ya jenomu ya muhogo kama mkunjo wa nyuzi mbili unaotengenezwa na mmea wenyewe maisha yake yote. Ndivyo ulivyo muhogo uitwao 4046, ambao Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Viumbe ya Kenya iliidhinisha kulimwa nje ya maabara mwezi Juni 2021. Njia hiyo ina mitego yake: aina ya TME 204 ilipopitishwa kwenye hatua ya kukuza viinitete kutoka tishu, ilipoteza ukinzani wake wa batobato, na mtu akajikuta ameuzuia ugonjwa mmoja na kuufungulia mlango mwingine. Kwa Tanzania, kazi ya namna hiyo iko chini ya Kanuni za usalama wa bioteknolojia za mwaka 2009, na majaribio ya mahindi yaliyobadilishwa kijenetiki huko Makutupora, Dodoma, yalisimamishwa na Serikali Novemba 2018. Kwa hiyo kabla ya kugusa Agrobakteria, bakteria wa kuingizia jeni kwenye mmea, zungumza na Ofisi ya Makamu wa Rais inayoshughulikia mazingira na kamati ya usalama ya taasisi yako, na upate kibali cha utafiti cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), hata kama kazi yote itabaki ndani ya chumba kilichofungwa.

Jaribio likiisha, mimea yote, udongo wake na vyungu vya plastiki laini vipitishwe kwenye otoklevu kwa nyuzi 121, ikiwemo mimea iliyoonekana mizima. Mitego ya manjano ya nzi weupe ibaki ndani ya kitalu nyumba kwa wiki mbili zaidi baada ya mmea wa mwisho kuondolewa, na ikaguliwe kabla ya kuingiza mbegu za mzunguko unaofuata.